Kasia na Mkasi: Uhariri wa Sauti na Masimulizi katika Filamu ya Mwanafunzi Kuhusu Timu ya Wapiga Makasia

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna filamu ya hali halisi inavyoshughulikia lugha ya watu wanaofanya kazi kwa pamoja chomboni, kwa kuzingatia hasa kazi ya mwanafunzi anayerekodi na kuhariri filamu kuhusu timu ya wapiga makasia. Hoja kuu ni kwamba mkato wa filamu ni uamuzi wa kiisimu. Mkato unaotenga wito na kiitikio chake, au kitenzi chenye -ka- na kitenzi kinachokitangulia, hubadili kilichosemwa na pia humnyang'anya msemaji haki ya kukisimulia. Hoja hiyo inajengwa kwa kuchunguza filamu tatu zinazohusu watu wa majini: Man of Aran ya Robert Flaherty (1934), Bataille sur le grand fleuve ya Jean Rouch (mwanzoni mwa miaka ya 1950) na Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper (2004). Kisha makala inaonesha namna sarufi ya Kiswahili yenyewe inavyoweza kumwongoza mhariri, na inapendekeza kigezo cha kuitathmini filamu ya mwanafunzi inapowasilishwa kama data ya fasihi simulizi.

1.0 Utangulizi

Kata ya Chapwa, katika Mji wa Tunduma, haina ufuko. Tunduma ni mji wa mpakani. Unajulikana kwa malori, forodha na reli ya TAZARA, wala haujulikani kwa vyombo vya majini. Hata hivyo, Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, unafika Ziwa Rukwa, na Mto Momba humwaga maji yake katika ziwa hilo. Kwa hiyo mwanafunzi anayetoka Chapwa kwenda kurekodi timu ya wapiga makasia hahitaji kuuacha mkoa wake. Anachokivuka ni mpaka wa lugha: anatoka katika mazingira ya Kinyamwanga na Kiswahili cha mpakani na kuingia katika mazingira ya Kiwanda na Kiswahili cha wavuvi. Mwanafunzi huyo ni wa kubuni, na katika makala hii anatumika kama mfano wa kubebea hoja. Lakini tatizo analokutana nalo ni halisi kwa kila mwanafunzi anayepewa zoezi la kutengeneza filamu fupi kuhusu kazi asiyoifanya, ya watu anaowafahamu kwa juma moja tu.

Zoezi hilo halihusu tena idara za sanaa peke yake. Kwa kuwa simu janja inarekodi picha na sauti kwa ubora wa kutosha, wanafunzi wa uzamili wa isimu na fasihi nao huleta video kama data ya utafiti. Nyimbo za kazi, masimulizi ya kihistoria na mazungumzo ya kawaida huwasilishwa yakiwa yameshahaririwa: yamekatwa, yamepangwa upya na kutiwa muziki. Mtahini huulizwa aitathmini kazi hiyo kama ushahidi wa lugha, ilhali ameoneshwa kile tu ambacho mkasi umekiacha. Hapo ndipo swali la makala hii linapoanzia: je, mkato wa filamu unapaswa kuhakikiwa kwa vigezo gani na mwanaisimu?

Uhakiki wa filamu nchini Tanzania umejikita zaidi katika filamu za kubuni: maudhui yake, maadili yake, lugha ya waigizaji wake na nafasi ya Kiswahili katika soko la filamu. Filamu ya hali halisi hutajwa kwa nadra, na inapotajwa huulizwa kama inasema kweli au uongo kuhusu nchi. Swali hilo lina uzito wake, lakini hutangulia mno. Kabla ya kuuliza kama filamu inasema kweli, inafaa kuuliza ni nani anayesema ndani yake, na kama sentensi yake imeachwa imalizike.

2.0 Wito, Kiitikio na Matini

Kiswahili kina msamiati mpana wa kuendesha vyombo kwa mikono, na msamiati huo una maana kwa mpigapicha. Kafi ni kasia fupi linaloshikwa mikononi bila kushikizwa ubavuni mwa chombo. Kasia refu hushikizwa kwenye kilete au kishwara. Tofauti hii si ya urefu wa ubao tu. Mwenye kafi huangalia mbele, anakokwenda, ilhali mvuta kasia refu hukaa akiwa ameupa mgongo mwelekeo wa safari, akimtazama mshika usukani. Katika mashindano ya mitumbwi ya Ziwa Victoria, yakiwamo yale yaliyodhaminiwa kwa jina la bia ya Balimi na kushirikisha timu za wanaume na za wanawake, vyombo vya habari vimezoea kusema "kupiga kasia", ingawa wachezaji hushika makafi. Matumizi hayo ya jumla hayana kosa katika gazeti. Katika filamu, hata hivyo, jina hutangulia picha au hufuatana nayo, na mtazamaji huona mara moja kama neno na mkono vinapatana.

Suala la pili ni la kiutanzu. Mulokozi (1989), katika uainishaji wake wa tanzu za fasihi simulizi uliochapishwa katika Mulika, aliweka umbile la kazi pamoja na muktadha na namna ya uwasilishaji kuwa vigezo vya msingi. Finnegan (1970) naye alikuwa amekwishasisitiza kwamba fasihi simulizi haipo nje ya utendaji wake. Kwa vigezo hivyo, kimai, yaani wimbo wa watu wa majini, hauwezi kuelezwa kwa maneno yake pekee. Muundo wake ni wa wito na kiitikio. Kiongozi hutoa wito, nao wengine huitika, na kiitikio huangukia pale misuli inapovuta. Kimya kilichopo kati ya kiitikio kimoja na wito unaofuata ni muda wa kulirudisha kafi nyuma na kuvuta pumzi. Ukikiondoa kimya hicho unabaki na wimbo mwingine, ambao hakuna mtumbwi unaoweza kuufuata.

Hoja kwamba kunukuu ni kutafsiri imeshakubalika katika isimu. Ochs (1979) alionesha kuwa unukuzi wa mazungumzo hubeba nadharia ya mnukuzi: anachoandika na anachoacha, anapopanga wasemaji kushoto na kulia, anapoweka nukta. Tedlock naye, katika kazi zake za miaka ya 1970 na 1980 kuhusu masimulizi ya Wazuni wa Marekani, alitaka vituo vya pumzi vya msimulizi viheshimiwe kwa kuvifanya mipaka ya mistari. Makala hii inasogeza hoja hizo hatua moja mbele. Mkato wa filamu nao ni unukuzi. Mhariri anayeamua kipande kianze hapa na kiishie pale anaweka mipaka ya sentensi, anachagua kituo na anamtambulisha msemaji. Tofauti ni kwamba unukuzi wa karatasi huweza kulinganishwa na mkanda wa sauti uliohifadhiwa, ilhali mkato wa filamu mara nyingi huchukua nafasi ya mkanda huo. Vipande visivyotumika hufutwa ili kupata nafasi katika simu au kompyuta.

3.0 Filamu Tatu za Watu wa Majini

3.1 Man of Aran: Sauti Iliyotengenezwa Nchi Kavu

Flaherty alirekodi filamu yake katika visiwa vya Aran, magharibi mwa Ireland, na kuitoa mwaka 1934. Inasifiwa hadi leo kwa picha za watu wakivuta makasia katika mashua nyepesi kati ya mawimbi makubwa. Inajulikana vilevile kwamba baba, mama na mtoto wanaoonekana humo hawakuwa familia moja, na kwamba uwindaji wa papa kwa chusa unaooneshwa kama kazi ya kila siku ulikuwa umekwisha visiwani humo muda mrefu kabla ya kamera kufika. Uhakiki mwingi umesimama hapo, katika uzushi wa picha.

Kwa mwanaisimu, kasoro kubwa iko katika sauti. Filamu haikurekodiwa pamoja na sauti yake. Wahusika walipelekwa London baadaye kurekodi maneno katika studio, nayo yakachanganywa na mlio wa mawimbi na muziki uliotungwa na John Greenwood. Matokeo yake ni kwamba watu hupiga kelele bila kusikika vizuri. Maneno yanayosikika ni vipande, vingi vikiwa vya Kiingereza, ingawa lugha ya visiwa hivyo ni Kiairishi. Wavuta makasia katika filamu hii wana miili lakini hawana sentensi. Amri inayowaongoza, inayowaambia lini wasubiri wimbi lipite na lini wavute, ndiyo inayookoa maisha yao katika tukio la mwisho, na ndiyo isiyosikika. Muziki ndio unaomwambia mtazamaji lini aogope.

Kuna kejeli ya kihistoria hapa. Wakati watu hao walipokuwa London kwa kazi ya sauti, Flaherty alirekodi pia filamu fupi ya Kiairishi, Oidhche Sheanchais (1935), ambamo mzee anasimulia kisa kando ya moto mbele ya wahusika wale wale. Filamu hiyo ilidhaniwa kuwa imepotea hadi nakala yake ilipopatikana katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2012. Hivyo mtengenezaji mmoja, kwa watu wale wale na katika kipindi kile kile, aliacha rekodi mbili: moja yenye bahari isiyo na lugha, nyingine yenye lugha isiyo na bahari. Mwanafunzi anayekwenda ziwani anapaswa kujiuliza kwa nini mambo hayo mawili yalitengana, na kama leo bado kuna sababu ya kuyatenganisha.

3.2 Bataille sur le grand fleuve: Hukumu ya Wavuvi

Sababu ya mwaka 1934 ilikuwa ya kiufundi kwa kiasi kikubwa, na ndiyo iliyomkabili pia Rouch alipofuatana na wavuvi Wasorko wa Mto Niger katika uwindaji wa viboko. Kamera yake ya milimita 16 ilikuwa ya kutiwa ufunguo kama saa. Kila kipande hakikuweza kufikia nusu dakika, na sauti ilirekodiwa kando. Alipohariri filamu, Rouch alitia muziki wa uwindaji wa jamii hiyo hiyo katika kilele cha pambano. Kwa vigezo vya kawaida vya uhalisia hakukosea: muziki ulikuwa wa kwao, ulirekodiwa kwao na ulihusu uwindaji.

Rouch aliporudi Ayorou na kuwaonesha wavuvi filamu hiyo, wao ndio waliolitambua kosa. Walitaka muziki uondolewe, kwa sababu uwindaji wa kiboko hufanywa kimya, na kiboko angeusikia muziki huo angekimbia. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama mwanzo wa kile Rouch alichokiita anthropolojia ya kushirikiana, yaani utafiti unaorudishwa kwa wanaotafitiwa ili wauhukumu. Lakini kina funzo la kiutanzu pia. Wasorko hawakulalamika kwamba wimbo si wao. Walilalamika kwamba wimbo umewekwa pasipo pake. Walikuwa wakisema, kwa lugha ya wavuvi, kile Mulokozi alichokuja kukisema kwa lugha ya wahakiki: utanzu ni maneno pamoja na muktadha wake, na muktadha ukiwa wa kimya, kimya nacho ni sehemu ya kazi.

Kisa hicho kikisogezwa hadi Rukwa, hatari inakuwa ya kinyume. Wasorko walitiliwa sauti pasipokuwa na sauti, ilhali timu ya wapiga makasia huondolewa sauti pale ambapo sauti ndiyo kazi yenyewe. Mwanafunzi hupunguza sauti ya mtumbwini kwa sababu ina upepo na maji, kisha huweka muziki wa Bongo Fleva wenye mapigo ya haraka kuliko makafi. Makafi yanakwenda kwa mapigo yake na muziki kwa mapigo yake. Ili kuficha mgongano huo, hukata picha kila baada ya sekunde mbili au tatu ili ziufuate muziki. Kilichoanza kama usafi wa sauti kinaishia kuwa mabadiliko ya utanzu: kimai kimegeuzwa kuwa video ya muziki. Rouch alizuiwa na ufunguo wa kamera asiweze kurekodi hata wito kumi mfululizo. Mwanafunzi wa leo ana uwezo wa kurekodi safari nzima, lakini hutoa vipande vifupi kuliko vya Rouch.

3.3 Darwin's Nightmare: Lugha ya Kuhojiwa

Filamu ya tatu iko karibu zaidi na msomaji wa Tanzania. Sauper alirekodi Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria, akaunganisha biashara ya minofu ya sangara, umaskini, ukimwi na ndege za mizigo zinazohusishwa na silaha. Filamu iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2006, na mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani. Nchini Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliandika kitabu kuipinga. Mabishano yalihusu ukweli wa madai, hasa yale ambayo filamu haiyatamki waziwazi bali huyajenga kwa kuweka picha moja kando ya nyingine. Yaani mabishano yalihusu uhariri, ingawa hayakuitwa hivyo.

Jambo lililopewa uzito mdogo ni lugha. Baadhi ya Watanzania wanaosikika kwa kirefu zaidi katika filamu hiyo, akiwamo mlinzi wa usiku ambaye maneno yake hubeba sehemu nzito za hoja, huzungumza na mtengenezaji kwa Kiingereza. Mtazamaji wa Ulaya husikia Kiingereza cha mtu anayetafuta maneno, kisha hukiunganisha, pasipo kujua, na ufinyu wa maisha yake. Mtu huyo huyo kwa Kiswahili angekuwa na methali, kejeli, taharuki na uwezo wa kumzungusha anayemhoji. Uchaguzi wa lugha ya mahojiano umemfanya awe shahidi badala ya msimulizi. Si lazima kudai kwamba mtengenezaji alikusudia hivyo. Inatosha kutambua kwamba uamuzi huo ulifanywa kabla ya mkato wa kwanza na kwamba hakuna mkasi ungeweza kuurekebisha baadaye.

Kwa mwanafunzi wa Chapwa, Kiswahili kinaweza kuwa na nafasi ile ile ambayo Kiingereza kilikuwa nayo Mwanza. Mpiga makafi anayesimulia kwa Kiwanda miongoni mwa wenzake, kisha akaulizwa kwa Kiswahili sanifu mbele ya kamera, huweza kutoa majibu mafupi ya kiofisi. Mhariri akiyakuta majibu hayo mezani huona kwamba mtu huyu "hana maneno" na kujaza pengo kwa sauti ya msimulizi wa filamu. Chanzo cha pengo hilo ni lugha aliyohojiwa kwayo.

4.0 Sarufi Kama Mwongozo wa Mkato

Filamu hizo tatu zinahusu sauti, wimbo na uchaguzi wa lugha. Iliyobaki ni ngazi ya sentensi, ambako Kiswahili kina taratibu zake zinazoweza kumwonya mhariri.

Kwanza ni kiambishi -ka-. Katika masimulizi, tukio la kwanza hutiwa wakati kwa -li-, na yanayofuata huegemea hapo kwa -ka-. Chukua masimulizi ya mfano: "Tulitoka alfajiri, ziwa limetulia. Tukafika katikati, upepo ukageuka, maji yakaingia, chombo kikalemea upande, kikapinduka." Mhariri anayetafuta msisimko huanzia "maji yakaingia". Kitenzi hicho kinaning'inia. Hakina mahali pa kuegemea, na msikilizaji hukihisi kuwa nusu. Mhariri naye huhisi hivyo, ndiyo maana huongeza sauti ya msimulizi wa filamu: "Siku hiyo timu ilitoka mapema." Kwa hatua hiyo -li- imehama kutoka kinywani mwa mpiga makafi na kuingia kinywani mwa mtengenezaji. Mwenye -li- ndiye anayeweka wakati, mahali na mtazamo wa kisa. Aliyebaki na -ka- anamalizia tu kisa kilichofunguliwa na mwingine. Unyang'anyi huu hauonekani katika picha, lakini upo katika kitenzi.

Pili ni upatanisho wa ngeli. Msimulizi aliyesema "kikapinduka" anarejelea chombo. Angesema "ukapinduka" angekuwa anarejelea mtumbwi, "likapinduka", dau, "ikapinduka", ngalawa au mashua. Mhariri anayefunika maneno hayo kwa picha ya chombo cha aina nyingine, alichokipata siku nyingine, huzalisha sentensi isiyopatana: sikio linasikia ngeli moja na jicho linaona nyingine. Kiambishi cha i- kina hatari zaidi kwa sababu timu nayo ni ya ngeli hiyo. "Ikashindwa" ikitengwa na sentensi iliyotangulia yaweza kuwa mashua iliyoshindwa kuhimili upepo au timu iliyoshindwa mashindano. Kuna tofauti kubwa kati ya kusema chombo kilishindwa na kusema watu walishindwa, na heshima ya watu inaweza kutegemea tofauti hiyo.

Tatu ni nafsi. Wapiga makasia husema "tu-": tulivuta, tulichelewa, tulipata. Filamu hupenda shujaa mmoja, na swali la kawaida la mhoji mwanafunzi ni "wewe ulijisikiaje?" Swali hilo humtoa mtu katika "tu-" na kumlazimisha aseme "ni-". Kisha mkato humchagua mmoja mwenye uso unaovutia na maneno mepesi, na timu ya watu kumi hugeuka kuwa mandhari yake. Methali inasema nahodha wengi chombo huenda mrama, lakini haisemi kwamba nahodha husafiri peke yake. Kama timu inasimulia kwa kudakizana, mmoja akianza na mwingine akimalizia, basi kudakizana huko ndiko masimulizi yenyewe, na kunastahili kurekodiwa kwa kipaza sauti kilichowekwa katikati yao badala ya kile kinachobanwa kwenye shati la mmoja.

Nne ni maneno ya mahali. Kwa mvuta kasia refu aliyeupa mgongo mwelekeo wa safari, kulia kwake ni kushoto kwa mshika usukani. Kamera ikiwa omo inatazama tezi, skrini hugeuza pande hizo tena. Maneno "kushoto", "kulia", "huku" na "kule" hutegemea mwili wa msemaji, hivyo mkato unaobadili nafasi ya kamera hubadili maana yake. Tezi na omo, kinyume chake, ni mali ya chombo na hazigeuki. Katika maandishi ya tafsiri yanayowekwa chini ya picha, wanafunzi hupenda kubadili tezi kuwa "nyuma" na omo kuwa "mbele" ili mtazamaji wa mjini aelewe. Wanapofanya hivyo huondoa maneno pekee yaliyokuwa thabiti na kuweka yale yanayoyumba.

5.0 Pingamizi na Jibu Lake

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba filamu si hifadhi ya data. Filamu ya dakika kumi haiwezi kubeba kila kimya na kila -li-, na mtazamaji aliyechoka hajifunzi lolote. Hili ni kweli. Uhakiki unaodai kila kitu kiachwe hauhakiki filamu, bali unaikataa sanaa yake. Hata hivyo, kukata si sawa na kukata popote. Mshairi wa Kiswahili hubanwa na vina na mizani, lakini hafupishi neno kiholela ili apate mizani. Mara nyingi hutafuta neno jingine. Mhariri naye anaweza kupunguza idadi ya wito bila kuukata wito mmoja katikati, na anaweza kuacha visa vitatu ili kimoja kibaki na mwanzo wake.

Pingamizi la pili ni la mazingira. Upepo wa ziwani huharibu sauti, mtumbwi hauna nafasi ya mtu wa ziada, na mwanafunzi ana simu moja. Hili nalo ni kweli, lakini linahusu maandalizi zaidi kuliko uwezo. Kinasa sauti kidogo kilichofunikwa kitambaa na kufungwa karibu na kiongozi wa wito hurekodi vizuri kuliko simu iliyo ufukweni. Kofi moja linalopigwa mbele ya kamera kabla ya kuondoka huwezesha sauti na picha kulinganishwa baadaye mezani. Na kama sauti ya majini imeshindikana kabisa, timu inaweza kuombwa iimbe nchi kavu, kwa sharti moja: filamu iseme waziwazi kwamba wameimba nchi kavu. Dosari ya Man of Aran ni kwamba sauti ya studio ililetwa kwa mtazamaji kana kwamba imetoka baharini.

6.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonesha kwamba filamu ya mwanafunzi kuhusu timu ya wapiga makasia huharibika mara nyingi zaidi mezani kuliko majini, na kwamba uharibifu huo unaweza kutajwa kwa istilahi za isimu na fasihi simulizi bila kungoja istilahi za filamu. Kutokana na uchambuzi huo, kigezo cha tathmini kinachopendekezwa kina sehemu tatu. Kwanza, filamu iwe na angalau mfululizo mmoja usiokatwa, wenye wito, kiitikio na kimya chake, ili utanzu uwepo mzima mahali pamoja. Pili, kila kisa kinachosimuliwa kibaki na kitenzi chake cha kufungulia kinywani mwa aliyekisimulia. Tatu, filamu ioneshwe kwanza kwa timu yenyewe kabla ya kufika kwa mtahini, na mabadiliko yaliyotokana na onesho hilo yaandikwe katika ripoti. Pamoja na hayo, vipande visivyotumika vihifadhiwe na chuo, kwa sababu bila hivyo hakuna anayeweza kuuhakiki mkato.

Sharti la tatu ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa humweka mwanafunzi mbele ya wahakiki ambao hawezi kuwashawishi kwa nadharia. Wasorko hawakuhitaji kujua lolote kuhusu uhariri ili kutambua kwamba kiboko angekimbia. Wapiga makafi wa Rukwa nao, wakiketi jioni mbele ya skrini ndogo ya kompyuta ya mwanafunzi kutoka Chapwa, hawatauliza filamu imetumia mkabala gani. Watasikiliza wito, watangoja kiitikio, na kama hakikuja pale mikono yao inapokitarajia, watasema.